Kinyume na Safari ya Gogo: Kutoka Virginia City hadi Ziwa Tahoe

Ukitaka kumwelewa Duane L. Bliss, tajiri wa mbao wa Ziwa Tahoe katika karne ya 19, anza chini ya ardhi. Ndiyo maana mimi na shemeji, anayeishi Reno, tulianzia safari yetu Virginia City, mji wa machimbo ya fedha uliokaa ubavuni mwa mlima mkavu wa Nevada. Ukitazama pande zote ni mawe na vichaka vya kijivu tu. Madini yaligunduliwa hapa mwaka 1859. Mkanda wake ulikuwa mpana, na mwamba wake laini na wenye kumomonyoka, hata nguzo za kawaida hazikuweza kuzuia paa la mgodi. Mwaka 1860 mhandisi mzaliwa wa Ujerumani, Philip Deidesheimer, akapata ufumbuzi: boriti nene zinaunganishwa kwenye pembe hadi zinakuwa kama kreti tupu, kisha kreti juu ya kreti, kreti ubavuni mwa kreti, kufuata madini yanakokwenda. Zilizokwisha kazi zinajazwa kifusi.

Tuliingia kwenye mgodi mmoja wa zamani unaopokea wageni. Mwongozaji alipomulika tochi kwenye kiungo cha boriti nilisogea hadi nikakigusa. Ulimi wa boriti moja umechongwa kwa mkono na kuzamishwa kwenye nyenzake, bila msumari, na alama za shoka bado zinaonekana. Nimekulia Mafinga, kwenye mbao, na bado sikuwahi kuona mti ukibebeshwa mlima mzima namna ile.

"Shemeji," jamaa akaniuliza tulipotoka juani, "miti yote hii ilitoka wapi? Huku hata mti wa kivuli hakuna."

Swali hilo ndilo lililomtajirisha Bliss. Alizaliwa Massachusetts mwaka 1833, akaja California akiwa kijana wakati wa msako wa dhahabu, na baadaye akawa mtu wa benki Gold Hill, jirani kabisa na Virginia City. Mtu wa benki anaona fedha zinakotoka na zinakokwenda. Migodi ilikula boriti chini, na juu ikala kuni, kwa sababu mitambo ya mvuke ya kuvuta maji na kupandisha madini ilichomwa kuni usiku na mchana. Milima ya karibu ilikwishanyolewa. Msitu mkubwa uliobaki ulikuwa ng'ambo ya safu ya milima, kuzunguka Ziwa Tahoe. Mwaka 1873 Bliss, pamoja na Henry Yerington na tajiri wa benki Darius Ogden Mills, wakaanzisha kampuni ya mbao na mifereji, Carson and Tahoe Lumber and Fluming Company.

Sisi tukaamua kuifuata ile mbao kinyumenyume, kutoka ilikoishia hadi ilikoota.

Kutoka Virginia City unashuka hadi Carson City. Ndiyo njia ya reli ya Virginia and Truckee, iliyofika Virginia City mwaka 1870 na kuungana na Reno mwaka 1872. Garimoshi lilishusha madini, likapandisha mbao na kuni. Hapakuwa na behewa la kurudi tupu, na hapo ndipo penye faida ya reli yoyote.

Carson City kuna makumbusho ya reli ya jimbo, na humo amehifadhiwa mzee niliyemfuata: injini iitwayo Glenbrook, iliyofanya kazi kwenye reli ya Bliss kando ya Ziwa Tahoe. Ilitengenezwa na kiwanda cha Baldwin mwaka 1875. Ni ndogo kuliko nilivyodhania. Bomba lake la moshi limetanuka kwa juu, na ndani ya mtanuko huo ndimo cheche za kuni zilimozuiwa zisiruke na kuchoma msitu ambao ndio mtaji wenyewe. Upana wa reli yake ni milimita 914, mwembamba kuliko reli yetu ya zamani ya mita moja kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma. Kwenye miteremko mikali reli nyembamba inakata kona kali zaidi, na inahitaji udongo mchache kuchimbwa na mataruma mafupi. Mjukuu wa Bliss, Hope Bliss, aliitoa injini hii kwa jimbo mwaka 1943, na mwaka 2015 iliwashwa tena baada ya matengenezo ya miaka mingi. Mzee anayejitolea pale alituonyesha mahali pa kuingizia kuni, akasema bado inachomwa kuni zilezile. Nilifurahi mno kusikia hivyo.

Baada ya hapo barabara inapanda. Carson City iko kama mita 1,430 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Spooner kiko mita 2,178. Kwenye kimo hicho cha karibu mita 750 kampuni haikutumia injini wala farasi. Ilitumia maji. Mafundi walipigilia mbao mbili pana zikakutana chini kama herufi V, wakaunganisha kipande kwa kipande hadi ukawa mfereji wa kilomita karibu 19 kupitia korongo la Clear Creek, wakauegemeza kwenye miguu ya miti pale bonde lilipozama. Maji ya mlimani yakaingizwa, kisha mbao. Umbo la V lina siri yake: mbao ikikwama, maji yanajaa nyuma yake na kuinyanyua hadi inajikwamua yenyewe. Mfereji wa chini bapa ungehitaji mtu na fito kila hatua.

Tulisimama Spooner muda mrefu. Ni njia panda yenye upepo, magari yanapita kasi kuelekea ziwani. Hapa ndipo reli ya Bliss ilipoishia na mfereji ulipoanzia, kwa hiyo ndipo palipokuwa na kelele, mrundikano wa mbao na watu. Wengi wa waliokata kuni katika milima hii walikuwa Wachina. Wanaakiolojia wamefukua mabaki ya kambi zao, vikiwemo vigae vya bakuli zao za wali. Majina ya wamiliki yako kwenye maziwa, mitaa na injini, lakini ya wakata kuni hayapo popote nilipopita, na naona ni deni ambalo historia ya hapa haijalilipa. Wenyeji wa asili, Wawasho, wanadai deni kubwa zaidi: ziwa lilikuwa kitovu cha maisha yao, na katika kipindi hiki cha shoka walikuta misitu yao imeshapata mwenye hati.

Reli yenyewe ilikuwa ya kilomita 14 tu, kutoka kilele hadi ufukwe wa Glenbrook. Ilifunguliwa mwaka 1875, ikiwa na madaraja ya nguzo za miti, handaki, na mahali ambapo garimoshi lililazimika kwenda mbele na kurudi nyuma kwa zigizaga ili lipate kimo. Kilomita 14 hizo ndizo zilizofunga mnyororo mzima: magogo yanavutwa na meli ziwani, yanapasuliwa Glenbrook, reli inapandisha mbao hadi kilele, mfereji unashusha, reli nyingine inapeleka mgodini. Waliopasua mbao walikuwepo kabla yake. Kinu cha kwanza Glenbrook ni cha mwaka 1861. Bliss alichoongeza ni njia. Kwetu Mafinga mwenye mashine ya dingdong anaijua habari hii vizuri: kupasua gogo si shida, shida ni lori na barabara wakati wa mvua.

Glenbrook leo ni makazi binafsi yenye geti, hivyo tuliliona ghuba kwa mbali. Maji ni ya buluu na meupe chini kwa uangavu. Mbele ya ghuba hiyo kuna kaburi la meli. Mwaka 1896 Bliss alizindua meli ya abiria, Tahoe, yenye urefu wa karibu mita 51, iliyotengenezwa San Francisco na kuletwa vipande vipande hadi hapa. Mwaka 1940 mwanawe aliizamisha kwa makusudi, akitaka watalii waione kupitia boti za sakafu ya kioo. Ikateleza hadi kwenye kina ambacho jicho halifiki.

Meli ile inaonyesha kwamba Bliss alikwishasoma majira. Migodi ilidhoofika, miti ikapungua, na mwaka 1898 shughuli za Glenbrook zikafungwa. Mwingine angeuza chuma chakavu. Yeye aling'oa reli, akaipakia kwenye majahazi pamoja na injini na mabehewa, akaivusha ziwa hadi Tahoe City. Hapo akajenga njia mpya ya kilomita kama 24 kufuata mto hadi Truckee, kwenye reli kuu ya kuvuka bara. Kuanzia mwaka 1900 reli iliyohamisha msitu ikawa inaleta watalii. Mwanawe Walter, msanifu majengo, akachora hoteli kubwa ya Tahoe Tavern iliyofunguliwa pale pale mwisho wa reli.

Tulizunguka kusini mwa ziwa, tukapita Bijou, ambako magogo yalikuwa yakiingizwa majini, hadi kwenye hifadhi ya D. L. Bliss, ardhi ambayo familia iliikabidhi kwa jimbo la California mwaka 1929. Kuna misindano mikubwa ambayo ukinusa gamba lake unapata harufu tamu ya vanila. Siwezi kumwita Bliss mlinzi wa misitu kwa sababu ya ekari hizi. Aliyekata ni yeye. Lakini miti iliyorudi ni mingi, na iko wima.

Kutoka Tahoe City tulifuata mto hadi Truckee. Reli iling'olewa miaka ya 1940, na sehemu ya tuta lake wanapita waendesha baiskeli. Shemeji alitaka kurudi Reno kabla ya giza. Nikamwomba tuteremke kwanza upande wa California hadi mji uitwao Nevada City, kwa sababu Glenbrook ana pacha wake, injini Tahoe, ya Baldwin ya mwaka huohuo, aliyeuzwa kwa reli nyingine na baadaye akacheza kwenye sinema za Hollywood. Tulimkuta kwenye makumbusho madogo ya reli nyembamba. Niliinama nikapima kwa shubiri upana kati ya magurudumu yake, nikamwambia shemeji apige picha.