Ninavyoishi na mdogo wangu mwenye skizotipali

Swali ninalomuuliza mara nyingi ni hili: "Una uhakika, au unahisi tu?" Watu wawili wakicheka kando ya barabara, yeye huona wanamcheka. Akiulizwa kwa upole hukubali kwamba huenda walikuwa na yao. Huo mwanya wa "huenda" ndio unaoitofautisha skizotipali, hali ya kudumu ya kushuku watu na ya kuwaza na kusema kwa namna isiyo ya kawaida, na saikosisi kamili, yaani kupoteza uwezo wa kutambua kilicho halisi. Siku mwanya ukizibika, akashikilia jambo asikubali hata kuhojiwa, au akaanza kusikia sauti zikimwamrisha, sisubiri tarehe ya kliniki.

Usishangae vyeti vya madaktari wawili vikipishana. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa 2013, unaihesabu skizotipali kama ugonjwa wa haiba na kutaka dalili 5 kati ya 9. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, inaiweka kundi moja na skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili unaoleta saikosisi. Hilo la pili huwatisha ndugu bure, maana walio wengi hawafikii skizofrenia. Imani zisizo za kawaida nazo hupimwa kwa jamii ya mtu mwenyewe: linaloaminiwa na ukoo mzima si dalili.

Usemi wake ndio unaowachosha watu mapema. Atasema, "Leo sebule ina macho mengi." Nikimwambia aseme kinachoeleweka, ananyamaza hadi kesho. Nikiuliza, "Nani alikuangalia?" napata jibu: mgeni fulani alimtazama kwa muda mrefu. Sibishani naye, wala simwitikii ili yaishe, kwa sababu ubishi humfanya anione nami nimo njamani, na kumuitikia hukipa hisia uzito wa ushahidi. Badala yake namwambia, "Mimi sikuliona hivyo, ila naona limekusumbua."

Kosa kubwa la familia ni kumburuta kwenye hadhara "azoee". Hofu ya mtu mwenye haya hupungua anapowazoea watu. Hofu ya skizotipali haipungui, kwani inatokana na kuwashuku, na kuwajua zaidi hakumwondolei shaka. Kwa hiyo namweleza mapema nani watakuwepo na tutaondoka saa ngapi, na mtu mmoja anayemwamini anakaa karibu naye. Akitaka kutoka kabla ya wakati, tunatoka bila kuulizana.

Kliniki naenda na daftari, kwa ridhaa yake. Kila tukio lina tarehe, kilichotokea, alivyokitafsiri, uhakika wake kwa kipimo cha 0 hadi 10, lilidumu muda gani, na usiku uliotangulia alilala saa ngapi. Safu ya usingizi naipa uzito kuliko zote: akikosa usingizi, uhakika hupanda. Daktari anaona mwelekeo kwa dakika chache, badala ya kusikiliza "siku hizi amezidi".

Dawa maalumu ya skizotipali hakuna. Dawa za saikosisi kwa dozi ndogo, kama risperidoni, huwasaidia baadhi ya watu kupunguza shaka na hisia za ajabu. Sonona na wasiwasi, ambavyo ndivyo huwapeleka wengi hospitali, hutibiwa vyenyewe, na ushauri nasaha huendelea sambamba. Dozi haikatwi ghafla kwa kuwa mtu "amepata nafuu". Daktari ndiye anayeipunguza. Bangi ni marufuku kabisa kwetu, hata ile anayodai inamtuliza, kwa sababu inajulikana kuchochea saikosisi kwa watu wenye mwelekeo huo.

Marafiki simhesabii. Akiwa na mmoja wa kucheza naye drafti, sina neno.