Kina hakipatikani kwa irabu peke yake

Anayesema hip hop ni kelele tu, ahesabu kwanza. Ubeti wa kawaida una mistari 16, kila mstari mapigo 4. Biti ikienda mapigo 90 kwa dakika, mstari mmoja unachukua sekunde 2.7 hivi, ubeti mzima kama sekunde 43. Kila pigo likigawanywa mara nne, mstari una nafasi 16. Ukizijaza zote silabi, pumzi inakata mapema na sauti inaanza kubaki nyuma ya snea, ile ngoma yenye mlio mkali kwenye biti. Silabi 11 hadi 13 zinatosha. Pengo linalobaki ni la kuvuta hewa.

Kuchana, yaani kurap, kwa Kiswahili kuna mtego wake. Karibu kila neno letu linaishia na irabu, kwa hiyo kupanga "pesa" na "baba" kama vina ni uvivu. Hata watunzi wa tenzi hudai silabi nzima ya mwisho! Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, basi kina kianzie hapo: "kamata", "utapata". Halafu "-PA-" ya "utapata" iangukie pigo la nne, snea inapogonga. Ikichelewa kidogo tu, kina kizuri kinapita bila kusikika.