Usiku tuliomwangalia Sherlock akitoka harusini

Juzi mtoto wa dada alipita sebuleni nikiwa narudia Sherlock, ile tamthilia ya mpelelezi, episodi ya harusi ya rafiki yake John na Mary, akasimama kidogo akaniuliza, "Mama mdogo, mbona huyu anaondoka na muziki bado unapigwa?" Sikuwa na jibu, maana mama yake naye aliniuliza hivyohivyo usiku wa kuamkia harusi yake.

Tulikuwa kitandani wawili na laptop yake, nyumba nzima imeshalala, gauni limetundikwa mlangoni. BBC waliirusha Januari 5, 2014 ila sisi tulichelewa kuipata. Tulicheka sana pale mwanzoni, Lestrade, yule inspekta wa polisi, anapata meseji ya kuomba msaada, anaacha majambazi aliokuwa anakaribia kuwakamata, anakimbilia Baker Street, nyumbani kwa Sherlock, kumbe Sherlock amekwama kuandika hotuba ya msimamizi wa bwana harusi.

Wapo wanaosema episodi ile haina kesi, mi sikubali kabisa. Askari wa gadi anachomwa kisu chembamba kupitia mkanda uliombana, hasikii kitu, akija kuulegeza mkanda ndo damu inamwagika, na Sherlock anang'amua katikati ya hotuba kwamba humohumo ukumbini kuna mwingine anayelengwa, Meja Sholto, mkuu wa John wa zamani jeshini. Meja anajifungia chumbani, yuko tayari kufa. Kinachomfanya afungue mlango ni kuambiwa tu kwamba wao wawili hawawezi kumfanyia John hivyo siku ya harusi yake. Napapenda mno hapo.

Ila mwisho ndo ulitunyamazisha. Kashapiga violin, waltz aliyowatungia mwenyewe, kashaapa mbele ya watu kwamba atakuwepo siku zote kwa ajili yao wote watatu, ulimi umemtangulia, na hapo ndo maharusi wanajua kuna mtoto. Watu wanaingia kucheza. Yeye anabaki kasimama katikati yao, anaangalia huku, anaangalia kule, kila mtu ana wake. Anatoka. Molly, rafiki yake, peke yake ndo anageuka kumwangalia. Nje kuna giza, anavaa lile koti lake refu, anaenda zake.

Dada akasimamisha, akarudisha nyuma, tukaangalia tena, akarudisha tena. "Si Bi Hudson, mama mwenye nyumba wake, alimwambia asubuhi, nani anaondoka harusini mapema?" Halafu akanishika mkono akaubana kwelikweli. "Mbona anaondoka lakini? Kesho na wewe usije ukanitoroka."

Kesho yake ilienda mbio kama zinavyoenda harusi zote, nilikaa mpaka gari lao likaondoka.

Dada mpaka leo anasema Sherlock alitakiwa kubaki, angekaa tu hata pembeni, rafiki anatosha kwa kuwepo. Mi naona alishawapa kila alichokuwa nacho, hotuba, wimbo, uhai wa yule meja, na kuondoka kwake ilikuwa namna ya kuwaachia usiku uwe wao, ingawa nikimfikiria Molly, aliyekuja na mchumba wake na bado akamwona, nasita kidogo, labda ilitakiwa mtu amfuate. Tumebishana hili kwenye simu sijui mara ngapi, na kila mmoja bado yuko palepale.