Na mie nataka siri zangu

Kwenye kikao cha wiki hii cha ujumuishi wa watu wenye ulemavu niliulizwa kitu gani hasa kinanisumbua kama mtu asieona hapa mjini, na jibu walilokuwa wanalingojea nilikuwa nalijua, niseme mitaro iliyo wazi na vespa zinazochomoka kwenye vichochoro vya Mkunazini na magari yanayolazwa juu ya njia ya waenda kwa miguu. Yote hayo yapo wallahi, fimbo yangu nyeupe ingekuwa na mdomo ingesema. Lakini mie nikawaambia, kinachonisumbua ni kwamba sina siri. Kimya. Alafu mwenye kikao akasema ahsante tumelipokea, kipaza sauti akapewa mwengine azungumzie njia za mteremko kwa wenye viti vya magurudumu, jambo la haki kabisa na silipingi, ila miguu mie ninayo.

Kwa vile pale sikupewa nafasi ntalisema hapa. Sisi Wazanzibari mambo ya sitara hatuhitaji kufundishwa. Mgeni anaishia barazani, kuingia ndani ni mpaka hodi, na mama zetu jikoni mtoto akiingia tu mazungumzo yanageuka. Sasa mtu huyo huyo akiwa haoni, ghafla mambo yake yote yanakuwa ya hadhara. Barua, majibu ya hospitali, salio la benki, meseji ya mchumba, kila kitu kipite kwanza kwenye macho ya mtu ndo kimfikie yeye. Na huyo msomaji ni mtu mwema, hapo ndo pagumu, utamgombezaje anaekusaidia.

Mfano wa juzi juzi. Nilikuwa na shida ya mambo ya kike, siielezi hapa, nikenda duka la dawa na mtoto wa kaka'angu, kijana wa skuli, maana nyumbani mkubwa hakuwepo. Muuzaji akaichukua karatasi ya daktari akaisoma kwa sauti. Kwa sauti jamani, na watu wamesimama nyuma yangu! Alafu akamgeukia mtoto, "mwambie shangazi yako hii si ya kumeza, hii ataiweka..." nikamkatisha, nikamwambia kaka mie nasikia vizuri sana, niambie mwenyewe na tena pole pole. Yule mtoto hakunena mpaka tunafika nyumbani, na mie sikumsemesha.

Sasa boksi lenyewe. Nilivyolipapasa nikakuta nukta nundu, yale maandishi yetu wasioona ya kusomwa kwa kidole, kumbe limetoka Ulaya, huko sheria yao ya 2004 inataka jina la dawa liandikwe kwa nundu kwenye boksi. Nikafurahi kama nimekutana na mtu wa mtaani kwetu ugenini, nikaanza kusoma, c, l, o, alafu kidole kikateleza kwenye kitu laini. Kibandiko cha bei. Boksi lina pande sita na wao wakakibandika hapo hapo! Nilikibandua kwa ukucha, lakini nundu zilikuwa zimeshalala, ikabidi nimuite tena yule yule mtoto. Na hilo boksi ni bahati, dawa nyingi tunapewa kwenye kibahasha kimeandikwa kwa peni 1x3, ukivishika vitatu mkononi vyote ni kimoja.

Pesa ya simu nayo ndo hivyo. Ile menyu ya nyota na reli simu inaanza kunisomea moja tuma pesa, mbili toa pesa, kabla haijafika ninapopataka muda umekwisha imekatika, anza upya. Mwisho mtu anachoka, namba yake ya siri anamtajia wakala.

Wanaodhani nadai anasa, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006 Tanzania imeuridhia tokea 2009, na ibara ya 22 ni ya faragha peke yake, ya 29 inataka kura yetu iwe ya siri. Naweza kwenda na mtu wangu nnaemuamini anisaidie kupiga kura, sawa, lakini bado kuna mtu anajua nilimpa nani, na mtu huyo tunakula sahani moja. Jalada la nundu limeshabuniwa zamani, karatasi ya kura inaingia ndani, kila mgombea ana tundu lake, unapapasa unatia alama mwenyewe. Ila hilo linataka mie nijue nundu na msimamizi nae ajue linavyotumika, akikosekana mmoja ndo basi.

Mie nundu nazijua, nashukuru. Surua ilinichukulia macho utotoni, skuli nikapewa kibao na sindano yake, unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, ukigeuza karatasi unasoma kutoka kushoto, wenzangu wa chuoni wakasema huyu anaandika Kiarabu. Louis Braille alikuwa na miaka 20 tu alipoyachapisha maandishi haya 1829, nukta sita, na baadae skuli yake mwenyewe ya Paris ikaja kuyapiga marufuku kwa muda. Wakubwa hawapendi wasichoweza kukichungulia. Nikiwa kidato cha pili shoga yangu alinipelekea barua ya kurasa nne za habari za kijana mmoja, yaani kila kitu, mama akaiweka juu ya friji ukumbini kutwa nzima akidhani ni karatasi ngumu tu imeharibika. Wageni wakaingia wakatoka. Sijawahi kuwa na raha ile.

Kwa hiyo vikaoni siku hizi siombi msaidizi. Naomba muuza dawa azungumze na mie, kibandiko kiende upande wa pili, menyu isubiri, na barua za maofisini ziletwe kwa maandishi ambayo simu inaweza kuyasoma, maana wakipiga picha karatasi yenye muhuri wakaitupa kwenye WhatsApp, simu yangu inasema "picha" basi. Mwaliko wa kikao hicho cha ujumuishi ulikuja hivyo hivyo. Picha.

Lakini simu imenirudishia kidogo. Programu ya kusoma skrini ina sehemu ya kuificha skrini, inakuwa nyeusi tii na mie huku na hedifoni sikioni naendelea kusoma na kuandika. Jana kwenye daladala la Bububu namjibu mtu mambo yangu, bibi alokaa ubavuni akanigusa.

"Mwanangu, simu yako imezima hiyo."

"Ahsante bibi," nikaendelea kuandika.