Ndege wa Pemba wapeni heshima yao jamani

Jana mimi na mashoga zangu tumekwenda kuangalia ndege kaskazini, daladala ya Konde asubuhi mapema, tukaingia Msitu wa Ngezi halafu tukateremka pwani Vumawimbi. Wallahi tumefaidi! Mnajua kisiwa chetu kina ndege 4 ambao dunia nzima hawapo pengine ila Pemba tu? Kuna ninga yule njiwa wa kijani, chozi anayefyonza maji ya maua, bundi mdogo na kale kadogo kenye duara jeupe jichoni.

Ninga tumemuona juu ya mkuyu, kijani mgongoni, kichwa na kifua kijivu, begani zambarau kidogo, na ukimtafuta kwa macho matupu humpati, unaona matawi yanatikisika na makuyu yanadondoka basi, mpaka ushike darubini.

Pwani maji yalikuwa yametoka, ndege wa pwani wanaoitwa sururu kibao na ule mdomo wao mrefu uliopinda, mmoja kachomoa kaa shimoni akamtikisa weee mpaka miguu ikakatika ndo akammeza. Na vitwitwi, wale ndege wadogo wa pwani, wanakimbia ukingoni, wengine wanazaliana huko Siberia, kukiingia baridi wanaruka mpaka kwetu, ndege mwenyewe anaenea kiganjani! Halafu anafika anakuta nyavu mbovu na chupa za plastiki, imeniuma sana hiyo, tumeokota tulizoweza.

Bundi hatujamuona maana ye anatoka usiku, ila kumsikia mtu lazima abaki mpaka giza liingie, kwa hiyo inshaallah safari ijayo tunalala Konde, anayetaka kuja aniambie mapema nimuwekee nafasi.