Nilivyoacha kuukimbia mfereji kwenye mpako mfupi wa mafuta

Mara ya kwanza kushindana bolingi kwenye mpako wa futi 34, yaani leni iliyopakwa mafuta futi 34 za mwanzo tu, nilibeba mipira minne, na mitatu kati yake haikupaswa hata kutoka kwenye begi. Karatasi ya mpako ilikuwa imebandikwa ukutani tangu asubuhi. Nikaisoma, nikaona 34, nikajisemea kwamba mafuta yakiwa mafupi mpira utakata kona kali, kwa hiyo nisogee kushoto niupe nafasi ya kurudi. Baada ya gemu sita nilikuwa pini 180 na ushei chini ya wastani wangu. Kilichoniuma zaidi ya alama ni aina ya makosa yenyewe: spliti (pini zinazobaki zikiwa zimeachana) juu ya spliti, na nyingi zilitokana na mipira niliyoiona imetoka mkononi vizuri kabisa.

Leni ina futi 60 kutoka mstari wa faulo hadi pini ya kwanza, na upana wake ni mbao 39, na kila upande una mfereji unaoumeza mpira uliotoka nje. Mafuta yakiishia futi ya 34, zinabaki futi 26 za leni kavu. Kwenye mpako wa kawaida wa ligi, ambao mara nyingi huishia karibu na futi ya 40, mpira unabaki na futi 20 hivi za kugeuka. Tofauti ya futi 6 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mpira ukishashika leni kavu unazidi kugeuka kila futi unayoendelea, na mwisho wa safari kosa dogo limeshakuwa kubwa.

Nilipokuwa nacheza ndani, kati ya mshale wa pili na wa tatu wa kulengea uliochorwa kwenye leni, mpira ulikuwa unatoka kwenye mafuta ukiwa tayari karibu na mstari wa pini ya kwanza, na bado una futi 26 za kugeuka. Hapo hauna pa kwenda ila kuvuka uso wa pini ya kwanza na kuangukia upande wa pili. Nikijaribu kuupeleka kulia zaidi, unafika pale kwa pembe kali, unashika, unaruka kurudi. Natumia mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze pande zote ninazozitaja.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja tuliyekuwa naye ligi moja. Alikuwa amekaa nyuma yangu gemu mbili za mwisho bila kusema neno. Nilipokuwa nafungasha akaniambia, "Unaukimbia mfereji, kijana wangu."

"Mzee, si nikikosea ubao mmoja tu naenda mferejini?"

"Utaenda mara moja, labda mbili. Sasa hesabu spliti zako za leo."

Nilikuwa na kumi na moja. Sikuwa na jibu.

Ndiye aliyenifundisha hesabu ya 31, ambayo wachezaji wengi wanaitumia: chukua urefu wa mpako kwa futi, toa 31, utapata ubao ambao mpira unapaswa kuwa juu yake unapotoka kwenye mafuta. Futi 34 ukitoa 31 unabaki na 3. Ubao wa tatu kutoka mferejini! Mpira wenyewe una upana wa karibu inchi 8 na nusu, na ubao mmoja ni zaidi kidogo ya inchi moja, kwa hiyo ukiwa ubao wa 3 sehemu ya mpira inaning'inia juu ya mfereji. Ukiutazama kutoka nyuma unaona kabisa umepotea. Hesabu hii si sheria, ni mahali pa kuanzia, lakini kwenye mipako mifupi nimeiona ikiniweka karibu sana na ukweli.

Nikarudi mazoezini. Ugumu wa kwanza ulikuwa macho. Miaka yote nilikuwa nalenga mshale wa pili, yaani ubao wa 10, na sasa nilitakiwa nipite nje hata ya mshale wa kwanza, ambao uko ubao wa 5. Nilianza kuweka mpira chini kwenye ubao wa 6, upite ubao wa 4 na nusu hivi kwenye mishale, ufike wa 3 mwisho wa mafuta. Ili mpira uwekwe kwenye ubao wa 6, mguu wangu wa kuteleza lazima uishie karibu na ubao wa 12, kwa sababu mkono wangu unapita mbao sita kulia kwa kiatu. Na mabega yasifunguke hata kidogo. Mtu aliyezoea kuzungusha mpira kutoka kushoto anafungua mabega bila kujua, na ukifungua mabega ukiwa ubao wa 6, mpira unaingia mferejini kabla hata ya mishale. Wiki mbili za kwanza ilinitokea sana.

Kuna jambo lingine sikuwahi kulisoma popote. Leni zinakaa mbili mbili, na mashine ya kurudishia mipira iko katikati yake. Kwenye leni ya kushoto, mtu wa mkono wa kulia anayetaka kucheza nje kabisa anakuta mashine hiyo imekaa hasa pale anapotaka kusimama. Nilijaribu kuanza nyuma yake nikitembea mshazari, nikawa nafika mstarini nimeelekea kushoto. Mwishowe nikawa nasimama mbele ya mashine, nafupisha hatua ya kwanza na ya pili, naacha hatua za mwisho kama zilivyo. Ilinichukua muda kuamini kwamba hatua fupi haziui mwendo wa mpira, mradi mkono uanze mapema kidogo.

Sasa mipira. Siku ile mbaya nilitumia mpira wangu wenye nguvu kuliko yote, wa rezini (aina inayoshika leni kwa nguvu), uso wake umekwaruzwa kwa msasa hadi umefifia. Ulishika leni kavu mapema mno, ukamaliza nguvu zake kabla ya kufika, na hata ulipoingia mfukoni, kati ya pini ya 1 na ya 3, uligonga kama mtu aliyechoka na kuiacha pini ya 10 imesimama. Nikabadilisha nikachukua wa rezini unaong'aa. Huo ukateleza vizuri kwenye mafuta, kisha ulipofika mwisho wake ukageuka ghafla. Kila mpira ulikuwa na hadithi yake, na hakuna hata mmoja niliyeweza kutabiri ungefanya nini.

Niligundua kuwa swali nililokuwa nauliza, la mpira upi unapinda kidogo, halikutosha. Nilihitaji kujua mpira upi unapinda kwa utaratibu. Jibu langu lilikuwa urethani. Hii ni aina ya uso wa mpira iliyotamba miaka ya 1980, kabla ya rezini kuingia mwanzoni mwa miaka ya 1990, na bado ina kazi yake hasa hapa. Urethani inaanza kugeuka mapema na kuendelea polepole, kama gari linalokata kona pana. Mpira ukiteleza ubao mmoja nje, unarudi. Ukipita ubao mmoja ndani, haurushwi upande wa pili.

Nilinunua mmoja na kuupeleka kwa fundi wa kutoboa. Nilimweleza naucheza wapi, naye akaupangilia ili alama ya pini ya kiini, nukta inayoonyesha kiini cha ndani ya mpira kimekaaje, ikae chini ya vidole, mpira uwe mtulivu zaidi unapogeuka. Zamani fundi angeweza kuongeza tundu la mizani, tundu la ziada lisiloingia kidole, ili kubadilisha tabia yake, lakini USBC, chombo kinachosimamia mchezo huu Marekani, kilipiga marufuku matundu hayo kuanzia Agosti 2020, kwa hiyo mpangilio wa matundu ya vidole na gumba ndio unaobeba kazi yote. Uso wake niliufanyia kazi mwenyewe. Nilianza na msasa wa 500, nikaona unashika mapema mno. Nikapanda 1000, halafu 2000. Kwenye 2000, ukipitisha kiganja, unasikia ulaini lakini huoni kioo. Hapo ndipo ulipotulia kwa mwendo wangu. Kwa sheria za USBC hairuhusiwi kuugusa uso wa mpira kwa msasa gemu ikishaanza, kwa hiyo uamuzi huo unafanywa mapema.

Mkono nao ulibadilika. Nilikuwa mtu wa kuzungusha mpira kwa pembeni. Nikatumia muda mrefu kutazama video za Walter Ray Williams Jr., mwenye mataji 47 ya PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa Marekani, ambaye mpira wake unabingirika mbele zaidi kuliko pembeni. Nikaanza kubakiza kiganja nyuma ya mpira hadi mwisho na kumaliza vidole vikielekea pini. Mwendo wa mpira wangu kwenye skrini ukatoka kilomita 25 kwa saa hadi 27. Vitu hivi viwili pamoja vilinipa karibu ubao mmoja na nusu wa usalama, na pale nje ubao mmoja na nusu ni mwingi.

Baada ya miezi mitano nikarudi kwenye mpako mfupi, futi 33 safari hii. Gemu ya kwanza 214, ya pili 226. Mpira unaning'inia kwenye ukingo, watu nyuma wanashika pumzi, halafu unarudi. Gemu ya tatu, bila mimi kubadilisha chochote, mpira ukaanza kuchelewa. Kwanza pini ya 10, mara tatu mfululizo. Halafu ukapita kabisa kulia kwa mfuko, zikabaki pini ya 1, ya 2 na ya 10.

Nilikuwa karibu kulaumu mkono wangu, lakini niliuchukua mpira kwenye mashine na kuutazama kabla ya kuupangusa. Pete za mafuta, alama zinazobaki pale mpira ulipogusa leni ukibingirika, zilikuwa zimebanana, karibu zote mstari mmoja. Mpira wa rezini unaachanisha pete zake na uso wake unafyonza mafuta. Wa urethani unabingirika juu ya njia ileile na haufyonzi sana, kwa hiyo mafuta unayoyaokota mbele unayabeba na kuyaacha kule kwenye leni kavu. Watu wanne kwenye leni zile tulikuwa na urethani, wote tukipita nje. Leni kavu niliyokuwa naitegemea tulikuwa tumeipaka mafuta wenyewe.

Nikauweka pembeni. Nikachukua mpira wa rezini dhaifu kuliko yote niliyonao, unaong'aa, nikasogea mbao nne kushoto na kuulenga ubao wa 8. Siku ile ya kwanza uamuzi huu ungekuwa wazimu, kwa sababu leni ilikuwa mbichi. Sasa yale mafuta yaliyobebwa yakaulainisha mpira pale ulipotaka kuruka, ukageuka bila hasira. Nilipata straiki (pini zote kwa mpira mmoja) nne mfululizo, nikamaliza na 205, ilhali nilikuwa naelekea 160.

La speya, yaani kuangusha pini zilizobaki kwa mpira wa pili, nitalisema kwa ufupi kwa kuwa halina mjadala: mpira wa plastiki. Futi 26 au 27 za leni kavu haziruhusu kuifuata pini ya 10 na mpira unaogeuka. Siku ile mbaya niliikosa mara tano kwa ubishi huo tu.

Siku hizi nikiona namba chini ya 36 kwenye karatasi, dakika za kupasha mwili nazigawa tofauti. Mipira miwili ya kwanza naituma makusudi ubao wa 2, nje kuliko nitakavyohitaji. Ikirudi, najua nafasi niliyonayo, na naanzia hapohapo. Isiporudi, naingia ubao mmoja tu, natuma mwingine, natazama pete za mafuta kabla ya kuupangusa.