Jinsi nilivyozipanga komyuniti za BGP za mtandao wetu Arusha

Mtandao ninaouhudumia una milango miwili ya kutokea: mmoja unashuka Dar es Salaam, mwingine unapita Namanga kwenda Nairobi. Ndani kuna hoteli, kampuni za utalii, shule, na watoa huduma wadogo wa Moshi na Usa River wanaonunua intaneti kwetu na kuiuza rejareja. Kila njia inayoingia kwenye ruta zetu hugongwa muhuri: imetoka kwa nani, imeingilia wapi, iruhusiwe kwenda wapi. Mihuri hiyo ndiyo komyuniti za BGP, lugha ambayo ruta za mitandao huitumia kuambizana njia za kufikia anwani.

Utaratibu wake ulichapishwa mwaka 1996. Komyuniti ni namba ya biti 32: nusu ya kwanza kwa kawaida ni namba inayoutambulisha mtandao wako, ya pili ni maana unayoitunga mwenyewe. Ukitoa chache zilizotengwa kwa wote, hakuna sheria inayosema 100 ni mteja na 200 ni mtoa huduma wa juu. Kila kampuni hujitungia, na kila fundi anayepita huongeza zake. Nilipokabidhiwa kazi, maana hizo zilikuwa nusu kwenye Excel, nusu kwenye maelezo ndani ya ruta, na zilizobaki kichwani mwa fundi aliyekwisha hamia Mwanza.

Halafu usiku kijana wa zamu anakupigia: "Kaka, samahani kukuamsha. Njia ya mteja wa Moshi ina 4259840100. Hii ndiyo nini?" Ni ruta ya zamani inayoonyesha komyuniti kama namba moja ndefu. Gawa kwa 65,536 unapata 65000, baki 100. Yaani 65000:100, kwetu maana yake "mteja". Hesabu hiyo saa nane za usiku si haki kumpa mtu.

Na kwa nini 65000, wakati tuna namba yetu kutoka AFRINIC, shirika linalogawa namba za intaneti Afrika? Kwa sababu yetu ni ya biti 32, haiingii kwenye nusu yenye biti 16. Waliotutangulia wakaazima 65000, ambayo ni namba binafsi na mtu yeyote anaweza kuitumia. Dawa yake ilikuja Februari 2017: komyuniti kubwa, zenye sehemu tatu za biti 32 kila moja. Sehemu ya kwanza ni namba yetu, ya pili ni kazi, ya tatu ni kigezo. Tuliamua kazi 4 iwe "usimtangazie", na kigezo kiwe namba ya mtandao usiotakiwa kutangaziwa. Mteja akitaka njia yake isipite Namanga, anaandika namba yetu, 4, kisha namba ya mtoa huduma wa upande huo. Hahitaji kutupigia.

Kuhusu zana ya kutunzia maana hizo, niliitazama NetBox, programu ya kuorodhesha vya mtandao. Ni nzuri kwa anwani na vifaa, ila kwa kazi hii niliona faili moja la YAML (maandishi yaliyopangwa kwa vichwa na thamani) ndani ya Git, inayotunza historia ya mabadiliko, linatosha. Kila komyuniti ina jina, namba, maana, na nani anaruhusiwa kuituma. Skripti ya Python inalisoma faili na kutoa vitu vitatu: orodha za kupakia kwenye ruta, ukurasa wa wateja, na kamusi inayotumiwa na amri niliyoiita "tafsiri". Unabandika namba, inakujibu: mteja, imeingilia Moshi, isitangazwe Nairobi. Majina mawili yakipewa namba moja, skripti inagoma.

Kabla badiliko halijafika kwenye ruta halisi, linapita kwenye kompyuta kuukuu ofisini inayoendesha BIRD na FRRouting, programu zinazoifanya kompyuta ifanye kazi kama ruta. Inatuma njia za majaribio kama mteja na kukagua zimetokea upande gani. Hapo utayaona mambo madogo yanayouma. Kwenye Cisco IOS, programu ya ruta za Cisco, usipoandika "send-community" ruta jirani haipati komyuniti hata moja. Na ukiweka mpya bila "additive" unazifuta zote zilizokuwepo.

Jambo moja sikubali lijadiliwe: mpakani na mteja tunafuta komyuniti zote za taarifa (njia imetoka wapi) zinazobeba namba yetu, tunaacha za maombi tu (njia iende wapi). Vinginevyo mteja anaweza kujiandikia kuwa njia yake imeingilia Dar, na takwimu zetu zote zikawa uongo. Ile ya 65535:666, ya kutupa trafiki anapozidiwa na mashambulizi, tunaipokea ikiwa tu anwani ni yake mwenyewe. Bila sharti hilo anaweza kumzimia jirani yake hoteli nzima.

Kuhama hakujaisha. Baadhi ya watoa huduma wadogo wana ruta zenye programu ya zamani isiyozielewa komyuniti kubwa, kwa hiyo tunapokea za 65000 mpakani na kuzibadilisha hapohapo kuwa za mfumo mpya. Kwenye faili zimewekewa alama ya "inaondoka", na kila asubuhi skripti inaorodhesha nani bado anazituma. Orodha ikiwa tupu ndipo nitazifuta. Kwa sasa nimemwahidi mzee mmoja wa Usa River kwamba nitamfikia mwenyewe, tukaibadilishe ruta yake pamoja.